Imepashwa Moto kwa Ajili ya Mgeni

Tamae Suzuoki alivua glavu, akaweka kiganja ubavuni mwa silinda, akakiondoa upesi. Injini ilikuwa ya moto.

Alimgeukia binti yake, Nagisa, aliyekuwa amesimama nyuma yake mikono mifukoni, na akaona kwamba binti naye ameshaelewa. Katika daftari dogo lililokuwa mfukoni mwa koti la Tamae, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, palikuwa pameandikwa: SHIKA INJINI. IKIWA NA JOTO, GEUZA GARI URUDI NYUMBANI.

Kanuni hiyo alipewa na Ikegaya, mtunza uwanja wa pikipiki za matope kando ya mto Tenryu. "Pikipiki mbovu inagoma kuwaka ikiwa baridi," Ikegaya alimwambia. "Kwa hiyo tapeli anaiwasha kabla hujafika. Wewe ukija anapiga kiki moja tu, inawaka, unachekelea. Kesho yake uko nyumbani unapiga kiki mpaka goti linahama."

Na sasa huyu hapa mzee Okuno, mwenye pikipiki, kofia mkononi, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kuwatendea wema.

"Karibuni, karibuni. Poleni na upepo," alisema. "Kipikipiki chenyewe ndicho hicho. Takataka tu. Naona hata aibu, mmetoka mjini kote huko kuja kuangalia kitu kama hiki."

Tamae alichanganyikiwa papo hapo. Takataka kweli, au takataka ya adabu? Yeye mwenyewe akipeleka keki kwa mwalimu husema ni kitu kisicho na maana, na keki huwa nzuri. Lakini keki haina pistoni.

Angekuwa peke yake angeinama, angeshukuru, angeondoka. Tatizo ni kwamba hakuwa peke yake, na kilichowaleta hapo siku hiyo hakikuwa pikipiki tu.

Tangu mwezi wa nne Nagisa alikuwa ameacha kwenda shule. Kwa nini, hakusema. Alikuwa na miaka kumi na tano, alifunga mlango wa chumba chake, na chakula kikawa kinaachwa mlangoni kwenye sinia. Tamae alisimamia jiko linalopikia watoto wa shule mia nane, diploma yake ya lishe ilining'inia ukutani, na mtoto wake mwenyewe alikula amekaa sakafuni nyuma ya mlango. Jumapili moja ya mwezi wa sita, kwa kukosa jambo lingine la kujaribu, alimpeleka kwenye uwanja wa Ikegaya, akamkodishia pikipiki ya matope. Nagisa alianguka mara nne. Mara ya nne alicheka mpaka tope likamwingia mdomoni.

Basi Tamae akanunua. Alinunua kwa kijana mmoja mwenye meno meupe aliyeisifu pikipiki yake kama mchumba. Plastiki zote mpya, stika mpya, inang'aa. Ilikufa mzunguko wa tatu. Pistoni ilikwama, gurudumu likagoma, na Nagisa akaisukuma nusu ya uwanja kwenye matope huku watoto wa miaka tisa wakimpita kulia na kushoto. Alipofika aliiegemeza kwenye gari, akaingia ndani ya gari bila kuvua helmeti. Alikaa nayo kichwani mpaka nyumbani. Mlango ukafungwa tena, miezi miwili.

Wiki mbili zilizopita ulifunguka. "Moja tena," Nagisa alisema. "Ila ikinifia tena pale mbele za watu, mama, usiniombe tena. Usiniombe kitu chochote."

Tamae alisema sawa. Halafu akaanza kuuliza watu, na hapo ndipo alipopotea. Ikegaya alisema achukue ile ya zamani, inayochanganyiwa mafuta kwenye petroli, kwa sababu hata mtoto anaweza kuifungua na kuifunga. Mwenye duka la vipuri alisema hiyo itamrusha binti mtini, achukue ya injini kubwa iliyo mpole. Fundi mmoja alisema ile mpole ikifa inakufa na ukoo wake wote. Mumewe, aliyehamishiwa kazini Sendai na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi, alisema kwenye simu, "Nunua tu iliyo nzuri," ushauri ambao Tamae hakuuandika daftarini.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na huu ung'ongo ulikuwa na joto.

"Mzee," alisema, "kwa nini injini ina joto?"

Mzee Okuno alishangaa. "Si niliiwasha."

"Saa ngapi?"

"Mlipopiga simu kwamba mmefika kwenye daraja. Nikasema, wageni hawatasimama hapa kwenye upepo huu wakinitazama nahangaika na kiki. Nikaipasha."

"Na viatu vya ndani nimevipasha!" sauti ilitoka barazani. Ilikuwa ya mkewe, bibi Fusae, mwanamke mfupi mwenye aproni, mikono myeupe kwa unga. "Viko chini ya meza yenye hita. Mama Nagisa, miguu yako haitaamini!"

Tamae alifungua daftari. Mstari wa pili: ANGALIA MAFUTA YA GIABOKSI.

"Nimeyamwaga jana, nimeweka mapya," alisema mzee Okuno. "Siwezi kumpa mtu pikipiki ina mafuta machafu."

Mstari wa tatu: TAFUTA MICHIRIZI YA MAFUTA CHINI YA INJINI.

"Nimeiosha. Nilitumia mswaki."

Ilionekana. Ungeweza kulia wali juu yake. Mstari wa nne ulihusu chujio la hewa, kama lina vumbi kwa ndani.

"Jipya," alisema mzee, sasa kwa sauti ya chini kidogo, kama mwanafunzi anayeona majibu yake yote ni sahihi lakini mwalimu hafurahi.

Tamae alifunga daftari. Kila alama ambayo ingemwambia ukweli ilikuwa imeoshwa, imemwagwa, imepashwa. Tapeli na mwungwana walikuwa wamefanya kazi ileile, asubuhi ileile, na sasa ajue vipi yupi ni yupi? Yule wa meno meupe alisifu, akawa mwongo. Huyu anaponda. Je, aamini anavyoponda?

"Tutasubiri ipoe," alisema.

Nagisa alinong'ona, "Mama, jamani."

"Ipoe," alirudia mzee Okuno. "Ipoe kabisa?"

"Iwe baridi kama jiwe. Halafu uiwashe mbele yetu."

Kitu kilipita usoni mwa mzee. Kilipita haraka na Tamae hakujua kukisoma. Huenda ilikuwa hofu, huenda ni fedheha tu ya mtu aliyeambiwa maneno hayo kwenye ua wake mwenyewe. Alijua vizuri alichofanya. Ilikuwa sawa na kunusa chai ya mwenyeji kabla ya kuinywa.

"Basi mtakula hapa!" alipiga kelele bibi Fusae. "Nilikwambia, Baba, nikande unga mwingi! Nilikwambia au sikukwambia?"

*

Walikula. Gyoza, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama, zilipangwa duara kwenye sahani pana, mgongo wa kahawia juu, chipukizi za maharage zimerundikwa katikati. Viatu vilikuwa vimepashwa kweli. Nagisa aliketi mwisho wa meza, nywele zimefunika nusu ya uso, akala tisa bila kutazama mtu. Tamae alihesabu kwa siri. Ni siku nyingi tangu amwone akila mezani pa mtu.

Mzee Okuno alikula mbili. Kila mara macho yake yalirudi uani, kwa pikipiki.

"Mzee, niambie waziwazi," alisema Tamae. "Ina tatizo gani?"

"Aa, matatizo yote."

"Taja moja."

"Kiti chake kigumu."

"Kingine."

"Haiwastahili watu kama nyinyi."

"Hilo si tatizo la pikipiki, mzee."

Bibi Fusae alicheka mpaka akashika meza. "Huyu! Mama Nagisa, huyu alipokuja kuniposa alimwambia baba yangu kwamba yeye ni mvivu, mlevi na ana meno mabovu. Baba akamuuliza, sasa kwa nini nikupe binti? Akasema, hata mimi sijui!"

"Na alikuwa hivyo?" aliuliza Tamae.

"Meno ni kweli."

Tamae hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu: moja kati ya tatu ni kweli. Sasa kwenye pikipiki, moja ipi?

Mzee alieleza kidogo, alipobanwa. Alifanya kazi miaka thelathini na nane akisaga meno ya gia kiwandani, akastaafu, akarithi shamba la machenza la kaka yake. Kila Jumatano aliiendesha pikipiki hiyo kati ya mistari ya michenza, peke yake, polepole, mpaka magoti yalipokataa. Aliongea huku akigeuzageuza kikombe. Tamae alipotazama mwisho wa meza, Nagisa hakuwepo.

Alimkuta nyuma ya banda la zana, amechuchumaa mbele ya mifuko ya taka. Mmoja alikuwa ameufungua. Ulikuwa mfuko wa manispaa, jina la Okuno limeandikwa vizuri kwa kalamu nyeusi, na ndani yake mlikuwa na boksi la kumwagia mafuta machafu, lile linalojazwa pamba.

"Unafanya nini wewe? Taka za watu!"

"Taka za kuchoma zinachukuliwa kesho kutwa," alisema Nagisa. "Kwa hiyo mafuta ya zamani bado yapo." Alichomoa fundo la pamba nyeusi, akalisugua kati ya vidole, akavigeuza juani. Alitazama kwa muda mrefu. "Njoo uone."

Tamae alichuchumaa. "Naona weusi."

"Ndiyo. Weusi tu. Chuma kikiwa kinalika ndani, mafuta yanametameta kama magamba ya samaki. Nilisoma." Alimsogezea vidole puani. "Hakuna kinachometa."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema kwa mara moja tangu mwezi wa nane. Tamae alikuwa bado anaisikiliza kichwani alipoona miguu ya mtu mbele yao. Mzee Okuno alikuwa amesimama hapo, ameshika sinia la chai, akiwatazama wageni wake wawili wakiwa wamezamisha mikono kwenye taka zake.

Tamae aliruka, akainama mpaka kiuno kikalia. "Samahani sana! Samahani! Mtoto huyu..."

"Ningejua," alisema mzee Okuno polepole, "ningeyaweka kwenye bakuli."

Tamae hakujua kama hiyo ilikuwa dhihaka au ukarimu. Alipokea chai.

*

Saa nane kasoro alishika silinda tena. Baridi kama jiwe. Upepo mkavu wa kwao ulikuwa umefanya kazi yake.

"Haya, mzee."

Mzee Okuno alipanda, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Ya tano ilikohoa kidogo ikanyamaza, na baada ya ya kumi mzee alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na bibi Fusae ameziba mdomo kwa aproni. Tamae alimtazama Nagisa. Uso wa binti ulikuwa umeanza kufungwa, na Tamae aliijua namna hiyo ya kufunga, alisimama mbele yake miezi mingi na sinia mkononi.

"Ndiyo maana ilikuwa na joto," alisema Tamae. "Ikegaya alisema."

Mzee alishuka, akainama. "Naomba radhi. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ikiwa baridi haiwaki hivi. Inabidi uilaze ubavu, kama mlevi, mpaka petroli idondoke kwenye kimpira kile cha chini ya kabureta. Halafu unainua, kiki tatu za taratibu bila kugusa resi, halafu moja ya nguvu. Miaka kumi na miwili ndivyo ninavyofanya. Na ikishawaka haijanizimikia njiani hata siku moja." Alipangusa kipara kwa kofia. "Lakini kuilaza pikipiki chini mbele ya wageni, petroli inamwagika... Niliona aibu. Nikasema niipashe tu, wasione."

"Kwa hiyo uliificha."

"Niliisitiri, mama."

"Kuna tofauti?"

Mzee alifikiri kwa dhati. "Asubuhi ilikuwepo," alisema.

Tamae alitoka kando akampigia Ikegaya. Nyuma ya sauti yake injini zilikuwa zinalia. Alieleza: kulaza, petroli, kiki tatu.

"Ah, hizo zote ndivyo zilivyo," alisema Ikegaya. "Za kabureta zote. Unailaza kidogo, inaamka."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

"Na kanuni ya injini yenye joto?"

"Hiyo iko palepale. Yenye joto, rudi nyumbani."

"Sasa hii nirudi au nisirudi?"

"Mafuta yake yakoje?"

"Nagisa ameyachambua kwenye taka. Meusi tu, hayameti."

"Kwenye taka? Muulize huyo basi," alisema Ikegaya. "Mimi kwenye taka sijawahi kufika."

Tamae alikata simu akiwa anajua machache kuliko kabla ya kupiga. Aliporudi, Nagisa alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki.

"Nionyeshe hicho kimpira, mzee."

Mzee alimwonyesha. Nagisa alishika mpini na kiti, akailaza pikipiki polepole mpaka nusu, akaishikilia kwa paja. Ilikuwa nzito. Petroli ilidondoka kwenye changarawe, tone, tone. Akaiinua. Kiki moja, mbili, tatu, taratibu, halafu ya nguvu. Ilikohoa. Mzee alinyoosha mkono kumsaidia.

"Usinishikie."

Alirudia yote tangu mwanzo. Safari hii iliwaka, kwa kishindo, moshi wa buluu ukajaa ua na ndege wakaruka kutoka michenza yote kwa pamoja. Bibi Fusae alipiga makofi. Nagisa alisikiliza, kichwa kimeinama upande, kama anasikiliza mtu anayeongea polepole. Kisha akabonyeza swichi, akaizima.

"Mbona umeizima?" alipiga kelele Tamae. "Imewaka!"

"Tusubiri ipoe tena."

"Tena?"

"Nataka niiwashe ikiwa baridi mwenyewe. Bila mzee kunielekeza. Na nyote mkiwa ndani."

"Nagisa, tumekaa kwa watu tangu saa nne na nusu."

"Wewe ndiye ulianza."

Bibi Fusae alikuwa ameshaenda kutafuta mikasi ya kuchumia machenza, kwa sababu, alisema, kama watu wanasubiri basi wasubiri na kazi mkononi. Wakachuma. Tamae alikata kila kikonyo mara mbili kama alivyoelekezwa, kwanza mbali na tunda, kisha karibu, ili kisichome tunda jingine kwenye kreti. Mistari miwili mbele alimsikia mzee Okuno akimweleza Nagisa kuhusu meno ya gia, na Nagisa akiuliza maswali. Maneno hakuyapata. Alisikia tu kwamba yalikuwa maswali, na yalikuwa mengi.

Hakujua bado kama mzee huyu ni mwaminifu. Alilipima jambo hilo kila alipokata kikonyo. Angesema ukweli kama injini isingepoa? Asingesema. Wangeondoka na pikipiki, asubuhi ya Jumapili ingegoma pale uwanjani, Nagisa angevaa helmeti yake na kukaa garini. Kwa adabu tu. Mtu angewaharibia kila kitu kwa adabu tu, na angewaletea machenza.

Karibu saa kumi, jua likiwa limeegemea vilima, watu wazima watatu walifungiwa ndani. Walisimama nyuma ya mlango wa karatasi, na bibi Fusae, bila kuona haya, alitoboa karatasi kwa kidole kilicholowa mate. Wakapokezana tundu.

Ilipofika zamu ya Tamae, Nagisa alikuwa ameilaza chini kabisa, ardhini, amekaa kando yake akisubiri petroli. Hakuwa na haraka. Aliinua. Ya kwanza, hakuna. Aliilaza tena. Mtu alipita barabarani na kigari chake, akapunguza mwendo kumtazama binti aliyelaza pikipiki changarawe. Nagisa aliinua kichwa, akamwinamia kwa salamu, akaendelea na kazi yake.

Iliwaka mara ya pili.

Tamae alitoka bila viatu. "Na ikikufia kule?" aliuliza kwa sauti kubwa juu ya kelele. "Uwanjani? Watu wote wako pale?"

"Nitailaza."

"Watakutazama!"

"Watazame," alisema Nagisa. "Hii najua inataka nini. Ile nyingine sikujua."

*

Walipokwisha kulipa, waliipakia nyuma ya gari dogo, wakaifunga kamba, magurudumu yamebanwa, kreti ya machenza pembeni. Bibi Fusae aliongeza gyoza kwenye kopo, akaongeza tena machenza juu ya machenza. Mzee Okuno aliomba radhi mara tatu kwa kuwauzia takataka. Mara ya tatu Tamae alichoka na adabu.

"Mzee, ni nzuri au mbaya?"

Mzee alitazama pikipiki, akatazama chini. Alipumua. Ilionekana inamgharimu.

"Nzuri," alisema, karibu asisikike, na akawa mwekundu tena mpaka masikioni.

Tamae alifungua mlango wa dereva, akakuta injini ya gari inanguruma. Funguo alikuwa ameziacha ndani tangu asubuhi. Hewa ya moto ilikuwa inapuliza, vioo vimeondolewa ukungu, na kiti, alipokikalia, kilikuwa na joto.

"Nimelipasha," alisema mzee Okuno, akiinama. "Kuna baridi."

Tamae alikaa na mikono kwenye usukani. Alifikiria daftari. Alifikiria ile kanuni ya herufi kubwa, kama aifute au aipigie mstari, na hakuweza kuamua. Alishukuru, akaondoa gari. Kwenye kioo wazee wawili waliendelea kuinama mpaka kona ikawameza.

Kando yake Nagisa alimenya chenza, akampa nusu.

"Jumapili tunatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Uwanja unafunguliwa saa tatu."

"Tuwahi basi," alisema Nagisa, mdomo umejaa. "Nataka nifike ikiwa bado baridi."